Bili ya gesi niliyoikataa sasa inanizuia kupata mkopo wa nyumba

Shikamoo mshauri.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa saba tangu nije kuishi Leicester, Uingereza, ambako ninafanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya matunzo. Ninakuandikia kwa sababu ya bili moja ya gesi ambayo niliikataa nikiamini kabisa kwamba haki iko upande wangu, nikadhani imekwisha, kumbe ilikuwa ikinisubiri mahali ambapo sikuitarajia.

Kuanzia tarehe 9 Oktoba 2021 hadi tarehe 26 Agosti 2023 tulipanga fleti ya vyumba viwili. Muda wote huo kampuni ya gesi ilikuwa ikinikata benki pauni 55 kila mwezi kwa makadirio tu, maana hakuna mtu aliyewahi kuja kusoma mita. Februari 2023 nilijaribu kuwatumia namba za mita kupitia tovuti yao, lakini tovuti ikazikataa na kuniandikia kwamba nimeingiza tarakimu nyingi kuliko zinazotakiwa. Nilijaribu mara tatu, nikaacha. Siku ya kuhama niliipiga picha mita, nikawatumia kwa barua pepe pamoja na anwani yetu mpya.

Tarehe 12 Septemba 2023 nikapokea, kwa barua pepe, bili ya mwisho. Baada ya kuondoa yote niliyokwisha kulipa, walikuwa wakinidai pauni 1,930. Mume wangu alidhani wamekosea kuweka nukta. Nilipiga simu. Kijana aliyepokea akasema bei zimepanda kwa ajili ya vita vya Ukraine na kwamba nyumba nyingi zimepata bili kubwa. Nikapiga tena baada ya wiki moja, na mama mmoja mwenye sauti ya upole akaniambia atafungua uchunguzi, nisubiri. Nikasubiri. Kwa kuwa niliogopa wangejichotea fedha zote kwa mkupuo, nilikwenda benki nikafuta makato. Tangu siku hiyo sikupata barua wala simu, nikaamini kwamba wameliona kosa lao.

Machi 2025 tulikwenda kwa wakala wa mikopo ya nyumba, tukiwa tumekusanya kianzio kwa miaka minne, pamoja na fedha za michezo miwili ya upatu. Alifungua faili langu la mikopo, akanyamaza kidogo, kisha akanigeuzia kompyuta nijionee. Kulikuwa na mstari mmoja wa rangi nyekundu: difolti, yaani alama ya kushindwa kulipa deni, ya Aprili 2024, pauni 1,930. Mambo mengine yote yalikuwa safi. Nilipokwenda kuuliza kwenye ile fleti ya zamani, mpangaji aliyepo sasa, ambaye ni muungwana, alinikabidhi bahasha saba alizonihifadhia juu ya friji, zote hazijafunguliwa. Ya kwanza, ya Februari 2024, ilikuwa onyo kwamba deni litapelekwa kwenye rekodi za mikopo. Zilizofuata zilitoka kwa wakusanya madeni, na ya mwisho inasema kwamba huenda wakatuma mtu mlangoni.

Shemeji yangu anasema nilipe tu yaishe, kwa kuwa nyumba ni muhimu kuliko ubishi. Mwenzangu kazini anasema nisilipe hata senti, baada ya miaka 6 itafutika yenyewe. Kuna mtu katika kundi letu la WhatsApp anayesema kwamba nikimpa pauni 400 atalisafisha faili ndani ya wiki mbili. Tena ninaogopa kwamba nimemwharibia na mume wangu, kwani mwezi Januari tulifungua akaunti ya pamoja ya benki. Nimeambatanisha nakala ya bili na ile picha ya mita. Mshauri, mimi sijawahi kudhulumu mtu, na ninaona haya hata kulizungumza jambo hili na ndugu zangu. Nishike lipi?

Mama Neema, Leicester

JIBU

Marahaba, Mama Neema. Pole sana, na ahsante kwa kuambatanisha picha ile, kwa sababu nimeitazama kabla sijafikiri jambo jingine lolote, na ninaamini ndiyo iliyobeba kesi yako.

Katika picha yako mita inaonyesha tarakimu 5 nyeupe juu ya weusi, kisha tarakimu ndogo zilizozungushiwa rangi nyekundu, na pembeni yake kuna herufi m yenye 3 ndogo juu. Alama hiyo maana yake ni mita za ujazo. Sasa fungua ukurasa wa pili wa bili, pale chini walipoeleza jinsi walivyopiga hesabu. Wameandika kwamba ulipoingia mita ilisoma 4127 na ulipotoka ilisoma 5263, yaani umetumia yuniti 1,136. Hapo hakuna tatizo, na zinalingana na picha, ila tu sifuri ya mwanzo hawakuiandika. Kisha wakazizidisha yuniti hizo kwa 2.83, ndipo wakaendelea na hesabu ya kawaida: kuzidisha kwa 1.02264, kuzidisha kwa kiwango cha joto la gesi, ambacho kwako ni 39.3, na kugawanya kwa 3.6 ili kupata kilowati-saa. Ile 2.83 haikupaswa kuwapo. Hutumika kwa mita za zamani tu, zile zinazopima kwa futi za ujazo, ambazo kwa kawaida huwa na tarakimu 4, na kazi yake ni kugeuza kila futi 100 za ujazo kuwa mita za ujazo. Mita yako ilikuwa tayari inahesabu mita za ujazo, kwa hiyo kampuni imegeuza kitu ambacho hakikuhitaji kugeuzwa, na kila yuniti moja uliyoichoma imehesabiwa kuwa karibu tatu.

Sasa utaelewa pia kwa nini tovuti ilizikataa namba zako mwezi Februari 2023. Katika kumbukumbu zao mita yako iliandikishwa kuwa ya tarakimu 4, na wewe ulikuwa ukiingiza 5 kwa uaminifu kama ulivyoziona. Kosa lilikuwa limekaa kwenye mfumo wao tangu kabla hujahamia, na jaribio lako lile, hata kama lilishindikana, linafaa kutajwa katika malalamiko, kwa sababu ni dalili waliyoipata wao wenyewe miezi saba kabla ya bili ya mwisho.

Tupige hesabu upya. Bili inasema ulitumia takriban kilowati-saa 35,900 katika muda usiofika miaka miwili. Ofgem, mamlaka inayosimamia soko la umeme na gesi, ilikadiria mwaka 2023 kwamba nyumba ya kawaida hutumia kilowati-saa 11,500 za gesi kwa mwaka. Kwa mujibu wa bili hiyo, fleti yako ya vyumba viwili ilikuwa ikichoma zaidi ya 19,000 kwa mwaka. Ukiondoa ile 2.83 unabaki na kilowati-saa kama 12,680 kwa muda wote. Gharama ya gesi yenyewe, ambayo wameiandika kuwa pauni 2,900, inashuka hadi pauni 1,025 hivi. Ongeza tozo ya kila siku, ambayo kwa muda huo ni pauni 185, upate 1,210. Wewe ulikatwa pauni 55 mara 21, yaani 1,155. Kwa hesabu hiyo, deni lako la kweli ni pauni 55 hivi, si 1,930. Bei kwa yuniti ilibadilika mara kadhaa katika kipindi hicho, lakini kosa la 2.83 ni lilelile kila mahali, kwa hiyo uwiano haubadiliki.

Ninajua wasomaji wengi wanajiuliza inawezekanaje bili ya gesi ikamzuia mtu kupata nyumba. Sisi tuliokulia nyumbani tumezoea LUKU, au tokeni kwa ndugu zetu wa Kenya: unanunua yuniti kwanza, zikiisha taa zinazimika, na hakuna anayemdai mwenzake. Hapa Uingereza mtu anayelipa kwa mwezi anatumia kwanza na kulipa baadaye, na jambo hilo huhesabiwa kuwa ni kukopeshwa. Ndiyo maana kampuni za umeme na gesi hupeleka taarifa za malipo kwa mashirika matatu ya taarifa za mikopo, yaani Experian, Equifax na TransUnion, kama zinavyofanya benki. Mteja anapofikisha malimbikizo ya miezi mitatu hadi sita, kampuni inaweza kutangaza kwamba uhusiano umevunjika, na hiyo ndiyo difolti. Hakuna hakimu aliyeketi wala shahidi aliyesikilizwa. Ni karani amebonyeza kitufe. Hata hivyo, benki inayotaka kukukopesha fedha za nyumba hulisoma tangazo hilo kana kwamba ni hukumu, na hudumu kwenye faili miaka 6 tangu siku ya difolti. Kwako wewe ni hadi Aprili 2030.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na shemeji yako, ingawa najua anakutakia mema. Ukilipa pauni 1,930 leo, mstari ule haufutiki. Utaongezewa maneno kwamba deni limelipwa, na baadhi ya wakopeshaji huliangalia jambo hilo kwa jicho jema zaidi, lakini difolti yenyewe itabaki hadi Aprili 2030 kama ilivyokuwa. Tena utakuwa umelipia gesi ambayo hukuichoma, na umeipa kampuni sababu ya kusema kwamba umeikubali hesabu yao. Kinachofuta difolti ni kuthibitika kwamba haikupaswa kuandikwa, basi.

Mwenzako wa kazini naye amesema nusu ya kweli. Ni kweli difolti hufutika baada ya miaka 6, iwe imelipwa au haikulipwa. Ila chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai ya 1980 mdai wa England naye ana miaka 6 ya kukupeleka mahakamani, na hukumu ya mahakama ya madai ambayo haikulipwa yote ndani ya mwezi mmoja huingia kwenye rejesta na kukaa miaka 6 mingine kuanzia siku ilipotolewa. Ukikaa kimya ukisubiri 2030, unaweza kuifikia ukiwa na jeraha jipya lililoanza 2029.

Na huyo wa pauni 400, mwachie fedha zake azitafute kwingine. Hakuna mlango wa siri katika mashirika yale. Taarifa iliyo sahihi hawezi kuifuta yeyote, na iliyo na kosa unaweza kuisahihisha mwenyewe bila malipo. Ninalisema hili kwa ukali kwa sababu nimekwisha kupokea barua za watu waliotoa fedha, wakatoa na nakala za pasipoti zao, na faili likabaki vilevile.

Sasa nitasema jambo ambalo halitakufurahisha, dada yangu, lakini ni heri ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa kampuni. Ulikuwa na haki ya kuikataa bili, lakini namna ulivyoikataa imewapa nafasi. Ulipiga simu, hukuandika. Ulisubiri bila kuuliza namba ya malalamiko. Kisha ukafuta makato na hukulipa hata sehemu ile ambayo mtu mwenye busara angekiri kwamba huenda anadaiwa. Katika kumbukumbu zao unaweza kuonekana kama mteja aliyehama na kutoweka, na ninatarajia watasema kwamba kwa vyovyote ulikuwa na deni, hata kama ni dogo. Jibu lako ni kwamba hakuna mtu yeyote aliyewahi kukuletea bili ya pauni 55. Hukushindwa kulipa deni. Ulipewa deni lisilokuwa lako, ukauliza, ukaambiwa usubiri. Ulitoa anwani mpya kwa maandishi, nao wakapeleka onyo kwenye anwani ambayo walijua umeiacha. Kwa kawaida kampuni hutakiwa kumtumia mteja taarifa angalau siku 28 kabla ya kuandika difolti, ili apate nafasi ya kulipa au kupinga. Nafasi hiyo wewe hukuipata, na bahasha saba za juu ya friji ndizo ushahidi wake.

Andika malalamiko rasmi kwa kampuni ya gesi yenyewe, si kwa wakusanya madeni, na uyaite hivyo tangu mstari wa kwanza: haya ni malalamiko rasmi. Ambatanisha picha ya mita, ile barua pepe ya Agosti 2023 yenye tarehe na anwani mpya, ukurasa wa pili wa bili ukiwa umezungushia 2.83, na orodha ya simu mbili ulizopiga kama zinavyoonekana katika bili ya simu yako. Uombe mambo matatu kwa pamoja: bili isahihishwe, wakusanya madeni wasimamishwe, na difolti ifutwe katika mashirika yote matatu kwa sababu iliandikwa juu ya kiasi kisicho sahihi na bila taarifa kukufikia. Usiishie kuomba kwamba kiasi kibadilishwe. Ukiomba hivyo watakubadilishia, na utabaki na difolti ya pauni 55, ambayo kwa mkopeshaji wa nyumba bado ni difolti. Andika pia kwamba uko tayari kulipa salio sahihi mara tu utakapoletewa bili iliyosahihishwa, na siku ikija, ilipe siku hiyohiyo. Sentensi hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa kuwa inakutoa kwenye kundi la wanaokimbia madeni.

Kuna hoja ya pili unayoweza kuiweka chini ya ile ya kwanza. Kanuni za Ofgem haziruhusu kampuni kumdai mteja wa nyumbani matumizi ya zaidi ya miezi 12 iliyopita ambayo haikuyaweka kwenye bili sahihi, isipokuwa mteja mwenyewe awe ameizuia kwa makusudi. Wewe ulikadiriwa tangu Oktoba 2021, na bili ya kwanza yenye namba halisi ni ya Septemba 2023. Hata kama 2.83 ingekuwa sahihi, sehemu kubwa ya nyongeza ya mwaka wa kwanza isingedaiwa. Iweke kwa aya moja, usiirefushe, maana hoja ya mita inatosha kusimama peke yake.

Siku hiyohiyo watumie ombi jingine, tofauti na malalamiko, la kupewa taarifa zako zote binafsi walizonazo. Sheria ya ulinzi wa taarifa inawapa mwezi mmoja, na hawaruhusiwi kukutoza. Taja kwamba unataka rekodi za simu za Septemba 2023, maelezo yaliyoandikwa kwenye akaunti, aina ya mita waliyoisajili na nakala ya onyo la difolti pamoja na anwani iliyotumwa. Yule mama mwenye sauti ya upole, ikiwa kweli alifungua uchunguzi, ameacha mstari mahali fulani. Mstari huo ukipatikana, kampuni itakuwa na kazi ngumu ya kueleza kwa nini iliandika difolti juu ya akaunti ambayo ilijua inabishaniwa.

Kampuni ina wiki 8. Zikipita bila suluhu, au wakikuandikia mapema kwamba mmeshindwa kuelewana, una miezi 12 ya kulifikisha shauri kwa Energy Ombudsman, ambaye ni msuluhishi huru na hatozi kitu. Anaweza kuiamuru kampuni iombe radhi, isahihishe bili, irekebishe rekodi ya mikopo, na ikulipe fidia, kwani mamlaka yake yanafika hadi pauni 10,000. Usijenge matumaini juu ya namba hiyo. Fidia za kawaida ni ndogo sana, na wewe unachohitaji ni faili safi. Ukiukubali uamuzi wake, kampuni inafungwa nao. Usipoukubali, bado una haki ya kwenda mahakamani. Kama kuandika kwa Kiingereza cha namna hii kunakupa shida, nenda Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri kwa wananchi, ukiwa na karatasi zote. Watakusaidia bila malipo, na hakuna haya yoyote katika jambo hilo.

Mashirika ya taarifa za mikopo nayo uyaandikie, kila moja peke yake, kwa sababu hayagawani marekebisho. Kwanza omba ripoti kamili kutoka kwa yote matatu, ambayo tangu 2018 hutolewa bure, ili ujue difolti ipo wapi na wapi haipo. Kisha pinga mstari ule. Chini ya kifungu cha 159 cha Sheria ya Mikopo kwa Walaji ya 1974 shirika lina siku 28 za kukujibu kama limefuta, limerekebisha au halikufanya kitu. Lakini elewa jinsi linavyofanya kazi: litaiuliza kampuni ya gesi kama taarifa ni sahihi, na kampuni ikijibu kwamba ni sahihi, shirika litaiacha kama ilivyo. Ndiyo maana nimeanza na kampuni. Sheria inakupa pia haki ya kuweka maelezo yako, yasiyozidi maneno 200, kando ya mstari unaoupinga. Kwa maoni yangu uyaache kwa sasa. Hayabadilishi difolti, yanaweza kuchelewesha maombi yako kwa kuwa lazima mtu ayasome, na kama difolti ikifutwa utabaki na maelezo yanayotangaza ugomvi uliokwisha.

Wakusanya madeni wasikunyime usingizi. Hao si madalali wa mahakama. Hawana mamlaka ya kuingia kwako wala ya kuchukua hata kijiko, na akija mtu unaweza kumwambia mlangoni aende zake. Waandikie barua fupi kwamba deni linabishaniwa, taja namba ya malalamiko, na usiwalipe hata pauni 10 za kuonyesha nia njema, kwa sababu malipo ya sehemu huweza kuhesabiwa kuwa umelikiri deni na kuifanya ile miaka 6 ya ukomo ianze upya. Barua moja tu usiipuuze kamwe: ile ya mahakama yenye fomu ya madai. Hiyo ina siku 14 za kujibu, na ukirudisha karatasi ya kukiri kwamba umeipokea unapata hadi 28 za kuandaa utetezi. Hukumu nyingi za madeni madogo nchini humu hupatikana kwa sababu mdaiwa hakujibu.

Kuhusu mume wako, ndoa haimuunganishi mtu na faili la mwenzake, wala kukaa nyumba moja hakufanyi hivyo. Kinachowaunganisha ni fedha za pamoja, na akaunti ile ya Januari imekwisha kufanya kazi hiyo. Difolti haijaandikwa kwenye faili lake, lakini mkopeshaji anayelichunguza la kwake anaweza sasa kulitazama na lako. Sioni sababu ya kuifunga akaunti, kwa kuwa mnataka kuomba mkopo pamoja na mtaunganishwa tu. Kinachowafaa kwa sasa ni kutotuma maombi mapya ya mkopo wala kadi, kwa sababu kila ombi kamili huacha alama, na alama nyingi kwa mfululizo huwatia wakopeshaji wasiwasi. Mwambie wakala wenu ukweli wote na umpe nakala ya malalamiko. Akijua kuna shauri linaloendelea atasubiri majibu, au atatafuta mkopeshaji ambaye faili husomwa na binadamu.

Limebaki jambo moja, na hilo lifanye wiki hii kabla ya kuandika chochote. Mita ile bado iko ukutani kwenye fleti ya zamani, lakini mita za namna ile zinaondolewa kila siku na kuwekwa za kisasa, na ikiondolewa kampuni inaweza kusema kwamba picha yako haithibitishi ni mita ipi. Rudi kwa yule mpangaji muungwana, umwombe ruhusa ya kuipiga picha tena, safari hii ukihakikisha kwamba namba ya utambulisho iliyochapwa kwenye uso wa mita inasomeka pamoja na ile alama ya mita za ujazo, ili ilinganishwe na namba ya mita iliyo kwenye bili yako. Na ukiwa pale, mwombe naye alete bili yake ya gesi mwangalie ukurasa wa pili. Kama kampuni ni ileile, huenda naye amekuwa akilipa mara tatu bila kujua.